Bei ya Tiketi na Bei ya Safari: Kisa cha Familia Moja kutoka Ujerumani hadi Lamu

Usuli

Bi R. ni muuguzi mwenye umri wa miaka 48, mzaliwa wa pwani ya Kenya, ambaye ameishi Ujerumani kwa zaidi ya miaka 20. Anaishi na mwanawe wa miaka 14 pamoja na mama yake mzazi mwenye miaka 71, ambaye katika uchambuzi huu tutamwita Bi Mkubwa, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na watoto wake wote. Bi Mkubwa ana shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa, miguu yake huvimba akikaa kwa muda mrefu, na hawezi kutembea mwendo mrefu bila kupumzika.

Mjukuu wake alikuwa anaoa Lamu. Nikaha ilipangwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Familia ilikuwa na miezi minne ya kujiandaa, fedha za kiasi, na sharti moja lisilojadilika, nalo ni kwamba Bi Mkubwa awepo nikaha ikifungwa.

Majina, tarehe, mji wa kuondokea na shirika lililohusika vimeondolewa. Viwango vya fedha vimetolewa kwenye risiti ambazo familia ilizihifadhi.

Uamuzi wa kununua

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kupitia Addis Ababa kwa shirika la kawaida, kwa yuro 890 kwa kila abiria kwenda na kurudi, bei ambayo ndani yake mlikuwa na mabegi mawili ya kilo 23, chakula, na haki ya kuchagua viti. Ya pili ilikuwa shirika la gharama nafuu la Ulaya linaloruka moja kwa moja hadi Mombasa, kwa yuro 560 kwa kila abiria, na ndani ya bei hiyo hamkuwa na kitu zaidi ya kiti chochote kitakachobaki na mzigo wa mkononi usiozidi kilo 8.

Kwa watu watatu tofauti ilikuwa yuro 990. Bi R. aliiona tofauti hiyo kwenye skrini ya simu usiku, baada ya zamu, na anakiri kwamba tangu hapo hakuitazama tena njia ya Addis Ababa. Aliongeza begi moja la kilo 23 kwa kila mtu kwa safari zote mbili, yaani yuro 420. Viti vitatu vya pamoja, chake Bi Mkubwa kikiwa cha kando ya njia, yuro 180. Na chakula, yuro 108. Nyongeza hizo zilifika yuro 708, na akiba ya yuro 990 ikabaki yuro 282. Hesabu hiyo hakuifanya wakati huo. Kila nyongeza iliombwa katika ukurasa wake, ikiwa ndogo, na kila moja ilionekana kuwa ya lazima, nayo kwa kweli ilikuwa ya lazima.

Sababu ya kuchagua ndege ya moja kwa moja haikuwa bei pekee. Bi R. alimhurumia mama yake kushuka na kupanda usiku wa manane katika uwanja wa tatu, na hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kosa lilikuwa katika hatua iliyofuata: alinunua tiketi za ndege ndogo ya kutoka Mombasa hadi Lamu, kwa shirika jingine kabisa, siku ile ile ya kufika. Ndege kubwa ilitarajiwa Mombasa Alhamisi saa 1:10 asubuhi, na ndogo iliondoka saa 5:20. Saa nne za katikati zilionekana nyingi. Zingekuwa nyingi kama tiketi zote mbili zingekuwa za mkataba mmoja.

Jambo moja alilifanya kwa ustadi. Alipiga simu siku sita kabla ya safari na kuomba kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006 inampa abiria mwenye shida ya kutembea haki ya kusaidiwa uwanjani bila malipo, mradi ataarifu saa 48 kabla, na haki hiyo haipungui kwa sababu tiketi ni ya bei ya chini. Katika safari nzima, hiyo ndiyo huduma pekee iliyotolewa kama ilivyoahidiwa na bila kudaiwa senti.

Kwenye mizani

Jumatano jioni familia ilifika uwanjani saa tatu kabla ya kuondoka. Begi moja lilikuwa na kilo 26, na kilo tatu za ziada zikatozwa yuro 45. Kisha mzigo wa mkononi wa Bi Mkubwa ukapimwa, ukaonekana umezidi kilo 8, na ukaamriwa kushushwa tumboni mwa ndege kwa yuro 75.

Hapa ndipo palipokuwa na hatari ambayo wengi hawaioni. Dawa zote za Bi Mkubwa zilikuwa ndani ya begi hilo. Bi R., kwa mazoea ya kazi yake, hakuliacha liondoke kabla ya kulifungua pale pale kaunta, akatoa dawa, kipimo cha shinikizo, miwani na hati zote, akavitia kwenye mkoba wake wa bega. Alikuwa amefungasha dozi za siku tatu mbali na akiba kuu. Bi Mkubwa, aliyekuwa akitazama yote hayo kutoka kwenye kiti cha magurudumu, aliuliza kama na yeye atapimwa.

Usiku wa kusubiri

Ndege ilipaswa kuondoka saa 2:40 usiku. Saa 2:00 tangazo lilisema itaondoka saa 4:30. Ilipofika saa 4:00 likatoka jingine: saa 6:15. Saa 6:00 usiku abiria wakaambiwa kwamba ndege iliyokuwa ije kuwachukua imepata hitilafu ya kiufundi huko ilikokuwa, kwamba shirika linatafuta ndege nyingine, na kwamba safari itakuwa kesho yake alasiri.

Mlangoni hapakuwa na mfanyakazi hata mmoja wa shirika lenyewe. Waliokuwepo walikuwa vijana wawili wa kampuni ya kandarasi inayohudumia mashirika kadhaa, ambao hawakuwa na mamlaka ya kuandika hoteli wala kubadilisha tiketi. Waligawa vocha za chakula za yuro 10 na karatasi yenye anwani ya tovuti, wakawaambia abiria watafute malazi wenyewe na watunze risiti.

Uamuzi wa Bi R. usiku huo ulikuwa na sehemu nne, na mfuatano wake una maana. Kwanza alimpeleka mama yake na mtoto hoteli ya karibu, akalipa yuro 118, kwa sababu mtu wa miaka 71 mwenye miguu inayovimba hawezi kulazwa kwenye viti vya chuma hadi alasiri. Pili alirudi mlangoni na kuomba sababu ya kuchelewa kwa maandishi. Kijana wa kandarasi alikataa kuandika, lakini alikubali apige picha ubao uliosomeka hitilafu ya kiufundi, nayo ikatosha. Tatu alimpigia simu binamu yake Lamu, akamwomba afike ofisi ya wakala wa ndege ndogo mara ifunguliwapo. Nne, na baada ya hayo yote, ndipo alipoangalia bei ya kuacha safari na kununua njia nyingine. Kuchelewa kulipozidi saa tano alikuwa na haki ya kurudishiwa nauli yote, lakini tiketi za kupitia Addis Ababa zilikuwa yuro 1,140 kwa kila mtu usiku huo, na zingewafikisha Mombasa Ijumaa mchana, yaani baada ya ndege ya Lamu kuondoka. Akaamua kusubiri.

Ndege iliyokuja

Alhamisi saa 9:40 alasiri waliondoka, saa 19 baada ya wakati. Ndege haikuwa ya shirika lililowauzia tiketi. Ilikuwa ya kukodi pamoja na marubani na wahudumu wake, Airbus A330 ya zamani yenye rangi nyeupe tupu. Aina hiyo kwa kawaida hupangwa viti 8 kwa mstari, lakini baadhi ya mashirika nafuu huvibana hadi 9, na hii ilikuwa moja ya hizo. Kwa kuwa mpangilio ulikuwa tofauti, viti walivyovilipia havikuwepo. Mtoto alipewa mstari wa 14, Bi R. wa 22, na Bi Mkubwa wa 38, katikati ya wageni wawili.

Mpangilio huo ulirekebishwa na abiria wenyewe. Kijana mmoja aliyekaa kando ya njia alimwachia Bi Mkubwa nafasi yake kabla hajaombwa, na jirani yake akahama ili Bi R. akae naye. Mhudumu aliyeombwa mwanzoni alisema ndege imejaa, jambo ambalo ni kweli na halikuwa jibu.

Bi Mkubwa alikuwa amevaa soksi za kubana tangu hotelini. Kila baada ya saa moja unusu Bi R. alimwinua akamtembeza hadi nyuma na kurudi, na katikati alimsihi azungushe vifundo vya miguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa huongezeka takriban maradufu mtu anapokaa bila kusogea kwa saa 4 au zaidi. Hata hivyo, hatari yenyewe kwa watu wenye afya ni ndogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000. Kwa Bi Mkubwa, mwenye umri na miguu ya namna ile, kuitegemea ile 6,000 kungekuwa uzembe. Mablanketi yaliuzwa. Yeye alikuwa na leso mbili.

Walitua Mombasa usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 8:10.

Matokeo

Binamu alikuwa amepata nafasi mbili tu kwenye ndege ya Ijumaa saa 5:20. Bi R. aliwakatia mama yake na mtoto kwa yuro 170, naye akapanda basi la asubuhi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti, kwa jumla ya yuro 15. Mabegi yote makubwa aliyachukua yeye. Ndege ndogo huruhusu kilo 15 kwa abiria, jambo ambalo hakuwa amelilinganisha na zile kilo 23 alizozilipia kwa shirika la kwanza, kwa hiyo hata kama kila kitu kingekwenda sawa, angetozwa tena Mombasa.

Bi Mkubwa alikuwepo nikaha ikifungwa. Bi R. alifika jua likikaribia kutua, nikaha imekwisha, akaikuta walima ya siku ya pili.

Aliporudi Ujerumani aliandika madai. Baada ya wiki tano shirika lilimjibu kwamba hitilafu ya kiufundi ni hali isiyo ya kawaida, kwamba isitoshe ndege iliyowabeba ilikuwa ya kampuni nyingine, na kwamba kwa nia njema litampa vocha ya yuro 150 kwa kila abiria. Alikataa vocha na kulipeleka shauri kwenye chombo cha usuluhishi wa wasafiri cha Ujerumani, ambacho hakimtozi abiria. Miezi mitano baadaye alilipwa yuro 600 kwa kila abiria, jumla 1,800, pamoja na yuro 193 za hoteli, teksi na chakula, na yuro 90 za viti ambavyo havikutolewa.

Uchambuzi

Hesabu ya kweli

Tuiweke kando fidia kwanza, kwa sababu hakuna anayepanga safari kwa kutegemea fidia. Nauli yuro 1,680, nyongeza 708, mizani 120, na gharama mpya za kufika Lamu 185: jumla yuro 2,693. Njia ya Addis Ababa ilikuwa yuro 2,670. Akiba iliyoonekana usiku ule kuwa yuro 990 iliishia kuwa hasara ya yuro 23, bila kutia ndani usiku mmoja wa kukesha na nikaha ambayo Bi R. hakuiona.

Hata hivyo ingekuwa si haki kusema kwamba nyongeza ndizo zilizomponza. Kabla ya mizani alikuwa bado na akiba ya yuro 282, na yuro 120 za kaunta zingeepukika kwa mizani ya nyumbani. Mtu anayesafiri peke yake, kijana, na begi dogo, hupata unafuu wa kweli kwa mashirika haya, na hapana sababu ya kumtisha. Kilichomponza Bi R. ni kwamba bei ile ilikuwa imepunguzwa mahali asipopaona.

Unafuu wa ndege ya mbali hutoka wapi

Katika safari fupi, shirika nafuu hushinda kwa kuizungusha ndege haraka: ikikaa chini dakika 25 au 30 badala ya saa nzima, hupata safari moja au mbili zaidi kwa siku. Katika safari ya saa nane au kumi ujanja huo haupo, kwa kuwa ndege za mashirika yote huwa angani sehemu kubwa ya siku, na mafuta hula fungu kubwa la gharama kwa kila mmoja. Hubaki vitu vichache vya kupunguza: upana wa kiti, chakula, mizigo, wafanyakazi wa uwanjani, na ndege ya akiba.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyomkuta Bi R. Kiti chembamba na blanketi la kuuzwa abiria huviona. Kukosekana kwa ndege ya akiba na kwa mtu mwenye mamlaka mlangoni hakuonekani mpaka usiku wa hitilafu. Biashara hii imewashinda wakubwa: Skytrain, huduma nafuu ya Mwingereza Freddie Laker iliyoanza kuruka kati ya London na New York mwaka 1977 kwa pauni 59 ilianguka mwaka 1982, na Norwegian, shirika nafuu la Norway lililoingia safari za mbali mwaka 2013, liliziacha mwaka 2021, baada ya miaka ya kusumbuliwa na injini za ndege zake na kulazimika kukodi nyingine. Shirika lenye ndege nyingi likipoteza moja hupanga upya ratiba, ilhali lenye chache huwapangia abiria usiku.

Kuchelewa kwa vipande

Tangazo la saa 4:30, kisha la saa 6:15, kisha la kesho, lina athari ambayo inafaa kutazamwa kwa utulivu. Safari ikifutwa, shirika linapaswa kumpa abiria njia nyingine ya mapema iwezekanavyo. Safari ikiitwa imechelewa, wajibu huo haupo. Abiria ana haki ya chakula, malazi, na, baada ya saa tano, kurudishiwa nauli. Sidai kwamba shirika lilivikata vipande hivyo kwa makusudi, maana huenda nalo halikujua ndege nyingine itapatikana lini. Lakini kwa abiria matokeo ni yale yale: saa mbili baada ya saa mbili anabakizwa mlangoni, na nafasi za mashirika mengine zinajaa. Bi R. alipoteza saa nne hivyo. Kama angempigia binamu yake saa 2:00 usiku badala ya saa 6:00, huenda ofisi ingekuwa imefungwa vilevile, ila angekuwa na muda wa kufikiria njia ya Addis Ababa kabla bei haijapanda.

Tiketi mbili zisizojuana

Hili ndilo kosa kubwa la kisa. Tiketi ya Lamu ilipopotea, hakuna shirika lililowajibika kuwatafutia nyingine. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, unamruhusu abiria kudai hasara iliyosababishwa na kuchelewa, lakini kanuni ya Ulaya inaruhusu fidia ya yuro 600 ihesabiwe dhidi ya dai hilo, kwa hiyo Bi R. hakuwa na la kuongeza. Angefika Jumanne badala ya Alhamisi, kwa nauli ile ile au karibu yake, kuchelewa kwote kungekuwa hadithi ya kuchekesha ya harusini. Alipoulizwa kwa nini hakufanya hivyo, alijibu kwamba siku mbili za likizo ya muuguzi ni ghali kuliko yuro 990. Jibu hilo ni la kweli, na linaonyesha kwamba kulikuwa na hesabu ya tatu ambayo hakuiandika popote.

Sheria iliyomwokoa

Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 humpa abiria yuro 600 kwa safari inayozidi kilomita 3,500. Fidia hiyo iliandikwa kwa ajili ya safari zilizofutwa na abiria waliokataliwa kupanda, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaitandaza mwaka 2009 hadi kwenye kufika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua mwaka 2008 kwamba hitilafu ya kiufundi inayotokana na uendeshaji wa kawaida wa ndege si hali isiyo ya kawaida, na mwaka 2018 ikaamua kwamba ndege ikikodiwa pamoja na wafanyakazi wake, anayewajibika ni shirika lililoipanga safari, si mwenye ndege. Majibu yote mawili ya shirika yalikuwa yamekwisha kukataliwa na mahakama kabla Bi R. hajakata tiketi. Vocha ya yuro 150 ilitolewa kwa anayejua na asiyejua kwa barua ile ile.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam aangalie mipaka ya kinga hii. Inamfunika abiria yeyote anayeondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, kwa shirika lolote. Anayeondoka Mombasa kuelekea Ulaya hufunikwa tu iwapo shirika ni la Ulaya. Kuchelewa kwa saa 19 kwa shirika la nje ya Ulaya likiondoka uwanja wa Moi, Mombasa, hakungemletea Bi R. yuro 600, bali dai la hasara chini ya Montreal, ambalo lazima lithibitishwe risiti kwa risiti.

Baada ya kisa

Safari ya kurudi ilikuwa shwari, isipokuwa chupa ya achari ya embe iliyoachwa kwenye ukaguzi Mombasa kwa kuwa ilihesabiwa kuwa kimiminika. Mwaka uliofuata Bi R. alikata tena tiketi ya shirika lile lile kwa ajili yake na mwanawe, wakiwa na begi moja lililopimwa nyumbani, wakafika siku tatu kabla ya shughuli. Bi Mkubwa alipitishwa Addis Ababa kwa tiketi moja hadi Mombasa, pamoja na mpwa wake, na kiti cha magurudumu kikiwa kimeombwa viwanja vyote vitatu.